Barafu Haikutushinda

Mama alinipigia simu usiku wa Aprili 17, 2024. Kwangu Phoenix ilikuwa saa nne kasoro usiku, kwake Temeke jua limeshachomoza na chai iko mezani. Aliposikia sauti yangu akakatisha salamu katikati.

"Mwanangu, kuna msiba?"

"Hapana, mama. Timu yetu inahama."

"Timu gani tena?"

"Ya hoki. Ile ya kwenye barafu."

Akanyamaza kidogo. "Huko jangwani kwenu kuna timu ya barafu?"

"Ilikuwepo," nikamwambia. "Leo ndiyo wamemaliza."

Usiku ule Arizona Coyotes waliifunga Edmonton Oilers 5-2 katika ukumbi wa chuo kikuu pale Tempe, ukumbi wa watu 4,600 hivi, mdogo kuliko wa timu nyingine yoyote ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Kesho yake ligi ikapitisha mpango wa dola bilioni 1.2: wachezaji wote waende Salt Lake City kwa mmiliki mpya, Ryan Smith. Miaka 28 ikaishia hapo. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alilala na jezi mwilini.

Swali la mama halikuniuma, kwa sababu mama aliuliza akitaka kujua. Kilichoniuma ni maneno ya siku zilizofuata, redioni, kazini, hadi kwenye foleni ya dukani: hoki jangwani, mlitegemea nini? Kama vile timu iliyeyuka. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Baridi ndiyo inayonilipia kodi na ada za watoto, na nimeishi mji huu tangu 2011. Ninachotaka kusema ni hiki: barafu ya Phoenix haikuwahi kushindwa hata siku moja. Walioshindwa ni wengine, na waliolipia ni watoto.

Barafu niliijua kabla sijajua friji. Baba alikuwa anasambaza barafu soko la samaki la Feri. Alfajiri anachukua mapande kiwandani, anayapanga kwenye mkokoteni, anayafunika kwa maranda ya mbao na magunia yaliyolowa, anasukuma mbio kabla jua la Dar halijakolea. Nilikuwa namfuata nyuma nikiokota vipande vinavyodondoka. Siku moja nikafunua gunia nione pande likoje. Akanizaba kofi la mkono, halafu akanielewesha kwa upole: joto halina haraka, lenyewe linatafuta tundu tu. Ukilizibia tundu, barafu inafika. Ukiliachia, unafika na maji. Vitabu vyote vya ufundi nilivyosoma baadaye vilikuwa vinarudia maneno ya baba kwa hesabu ndefu zaidi.

Ndiyo maana habari ya Frank Zamboni iliponifikia niliipenda papo hapo. Watu wakisikia Zamboni wanaiona ile gari kubwa inayozunguka polepole kuupiga msasa uwanja wa barafu katikati ya mchezo, na wengi wanadhani ilitoka Kanada. Ilitoka kusini mwa California, mji wa Paramount, karibu na Los Angeles. Zamboni na ndugu yake walikuwa wauza barafu kama baba yangu. Walitengeneza mapande ya kupoozea mboga na matunda yanayosafirishwa kwa treni. Friji za umeme zilipoenea biashara ikaanza kufa, na mwaka 1940 wakauhamishia ujuzi wao kwenye uwanja wa kuteleza. Mwanzoni ulikuwa wazi, jua na upepo vikawasumbua, wakaufunika. Kulainisha barafu kulichukua watu kadhaa zaidi ya saa nzima, wakikwangua, wakizoa, wakimwagia maji na kusubiri yagande. Zamboni akahangaika miaka hadi 1949 akapata mashine inayofanya yote kwa mtu mmoja na dakika chache. Leo viwanja vikubwa vya nchi za theluji vinalainishwa kwa akili ya mtu aliyepigana na joto. Sidhani kama mtu wa nchi ya baridi angeifikiria mapema hivyo. Hakuwa na sababu.

Na uwanja wenyewe unafanyaje kazi? Chini kuna sakafu ya zege, ndani ya zege kuna mtandao wa mabomba, kilomita kwa kilomita, na ndani ya mabomba yanapita maji ya chumvi au dawa isiyoganda, yaliyopozwa hadi nyuzi tisa hivi chini ya sifuri. Kompresa zinalitoa joto sakafuni na kulitupa nje, sawa na friji yako jikoni inavyolitupa kwa mgongoni. Maji hayamwagwi kama ya kuoshea uwanja. Yananyunyizwa utando kwa utando, kila utando ugande kabla ya mwingine. Barafu haina rangi, ungeona zege la kijivu, kwa hiyo tando za chini hupakwa rangi nyeupe, juu yake mistari myekundu na ya buluu, halafu maji tena hadi unene wa sentimita mbili na nusu au tatu. Na ile gari ya kulainisha humwaga maji ya moto. Wengi wakiniuliza kwa nini moto, nawaonyesha vidole viwili vinavyogusana: maji ya moto huyeyusha kidogo uso wa barafu ya zamani, ya zamani na mpya zikashikana zikawa kitu kimoja.

Nilipiga hesabu usiku mmoja kwenye karatasi ya risiti. Uwanja una mita 61 kwa 26. Ukiuzidisha kwa unene wa sentimita mbili na nusu unapata kama lita 40,000 za maji. Bwawa la kuogelea la nyuma ya nyumba, ambayo hapa yako mengi ajabu, hubeba hizo au kuzidi. Umeme ndiyo gharama yenyewe, sikatai. Lakini hewa kavu ya jangwa ni rafiki wa barafu kuliko watu wanavyodhani. Unyevu ndio mchawi. Unyevu ukiingia ukumbini unatua juu ya barafu kama umande, unaganda vibaya, unatengeneza ukungu na matone kwenye paa. Ningepewa kazi ya kutunza uwanja wa hoki Dar es Salaam wakati wa masika ningekesha zaidi kuliko Phoenix mwezi wa sita.

Kuna mechi wanayoisimulia mara nyingi kuonyesha kwamba jambo hili ni wazimu. Septemba 27, 1991, Los Angeles Kings na New York Rangers walicheza Las Vegas nje, kwenye eneo la maegesho la Caesars Palace. Joto jioni lilikuwa nyuzi 29 hivi. Taa zikawashwa, panzi wa jangwani wakaja kwa makundi, wakatua kwenye barafu wakanasa, wachezaji wakawa wanawapita na vyuma vya viatu vyao. Watu wanakomea kwenye panzi. Mimi naendelea mbele: mechi ilichezwa hadi mwisho, vipindi vyote vitatu, Kings wakashinda 5-2, watu zaidi ya elfu kumi na mbili wakaangalia. Barafu ilishika. Nje, bila paa, Nevada.

Kings wa mwaka ule walikuwa na Wayne Gretzky, nyota mkubwa wa hoki, na kwa kiasi kikubwa yeye ndiye aliyeileta hoki kwenye joto. Agosti 1988 Edmonton walimuuza Los Angeles, Kanada nzima ikalia, na watoto wa California wakaanza kuomba viatu vya kuteleza. Ligi ikaona njia. San Jose ikapata timu 1991, Tampa 1992, Anaheim na Miami 1993, mwaka huohuo timu ya Minnesota ikahamia Dallas. Mwaka 1996 ikaja zamu yetu: Winnipeg Jets, timu ya mji wa Kanada ambao Januari unaweza kudhani mate yataganda kabla ya kufika chini, ikaletwa Phoenix na kuitwa Coyotes. Wanaosema joto na hoki havipatani waangalie makombe. Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa ligi, limekwenda Dallas, limekwenda Tampa mara tatu, limekwenda Los Angeles, Anaheim, Las Vegas, na 2024 na 2025 limekwenda kwa Florida Panthers, ile timu ya Miami. Kanada, mama wa mchezo, haikuligusa tena kuanzia Montreal 1993 hadi 2025.

Mimi niliingia kwa mlango wa kazi. Machi 2012 nilikwenda Sun City, mji wa wastaafu kaskazini magharibi, kumtengenezea AC mzee mmoja wa Winnipeg. Sebuleni alikuwa na jezi ya zamani ya Jets kwenye fremu, imefubaa. Nilipomaliza akanikalisha, akanipa maji, akanisimulia jinsi walivyopigania timu ile isiondoke: mikutano ya hadhara, watu wakichanga, watoto wakivunja vibubu. Ikaondoka vilevile. Nikamwambia, pole mzee, basi sisi ndio tuliokuchukulia. Akatikisa kichwa. "Nyie hamkuchukua kitu. Iliamuliwa juu ya vichwa vyetu sote. Lakini imeshakuja kwenu, ipendeni."

Mei 7 akanipa tiketi yake moja, akasema goti linamsumbua. Nilikwenda Glendale, mji jirani walikokuwa wanachezea, peke yangu nikiwa na shati la kazi, la buluu, bila kujua. Ukumbi wote ulikuwa mweupe. Watu elfu kumi na saba wamevaa nyeupe, kuanzia chini kabisa kwenye vioo hadi juu kwenye paa. Ni desturi iliyozaliwa Winnipeg 1987 na kusafiri na timu. Kwa mtu wa Pwani picha iliyonijia ilikuwa swala ya Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja, kanzu hadi jicho linapochoka. Nilisimama mlangoni nikahisi nywele za mikono zimesimama, na haikuwa baridi tu.

Siwezi kusema niliuelewa mchezo usiku ule. Paki, kile kipande cheusi cha mpira mgumu, ni kidogo kama mkate wa kitumbua, upana hauzidi sentimita nane, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Nilikuwa nakipoteza kila sekunde tano. Nikaacha kukitafuta, nikawaangalia watu. Mwenzangu wa kulia, mama wa Kimeksiko mwenye watoto watatu, akanielekeza kwa mkono: usimfuate huyo mwenye paki, mwangalie anayekimbilia nafasi. Kama mpira tu. Kuanzia hapo nikaona. Nahodha Shane Doan, aliyeletwa kijana na timu hiyohiyo kutoka Winnipeg, alikuwa akigonga watu kama beki wa zamani wa Simba. Tuliifunga Nashville 2-1 na kuingia fainali ya kanda ya magharibi kwa mara ya kwanza katika maisha ya timu. Los Angeles wakatutoa baadaye. Lakini usiku ule yule mama alinikumbatia, nami sikuwahi kukumbatiwa na mtu nisiyemjua tangu nitue Marekani.

Sasa niseme walioshindwa.

Timu ile iliishi maisha ya kupanga. Mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba Dar atanielewa bila maelezo marefu. Ilipofika 1996 ilipewa nafasi kwenye nyumba ya wengine, ukumbi wa mpira wa kikapu katikati ya mji, ambao ulikuwa mfupi kwa hoki: kuna viti vya juu ambavyo ukikaa goli la upande mmoja hulioni. Watu waliuziwa tiketi za kutazama nusu ya mchezo. Desemba 2003 ikahamia Glendale, ukumbi mpya, mzuri, lakini mali ya jiji, na upo magharibi kabisa ya bonde la Phoenix wakati wengi wa wanunua tiketi walikuwa mashariki, Scottsdale na kwingine. Ukitoka kazini saa kumi na moja jioni mashariki ukafike Glendale saa moja, barabara imefungana, siku ya Jumanne, na mtoto ana shule kesho. Mara ngapi utafanya hivyo kwa mwaka? Halafu gazeti linaandika: watu wa Phoenix hawapendi hoki.

Mwaka 2009 mmiliki, Jerry Moyes, mtu wa malori, aliipeleka timu mahakama ya kufilisika. Tajiri wa Kanada, Jim Balsillie wa kampuni ya BlackBerry, akataka kuinunua aihamishie Hamilton, Ontario. Jaji akakataa, ligi yenyewe ikainunua, ikaiendesha hadi 2013 ikitafuta mtu wa kumkabidhi. Hebu fikiria kuwa shabiki miaka hiyo. Kila msimu ukianza unaambiwa huenda ni wa mwisho. Ile fainali ya kanda ya 2012 niliyosimulia ilichezwa na timu isiyo na mwenyewe. Wakaja wamiliki wapya, jiji likakubali kuwalipa dola milioni 15 kwa mwaka za kusimamia ukumbi, 2015 madiwani wakapiga kura kuuvunja mkataba, wakaelewana upya kwa muda mfupi mfupi. Agosti 2021 mwenye nyumba akatoa notisi: msimu ukiisha 2022, hameni. Ndipo timu ya ligi kubwa ya hoki kuliko zote duniani ikaenda kujibanza kwa wanafunzi Tempe.

Tempe ndiko walikotaka kujenga kwao. Mradi wa dola bilioni 2.1, ukumbi, nyumba, maduka, kwenye eneo lililokuwa dampo. Mei 16, 2023 wakazi walipiga kura tatu na kuzikataa zote tatu. Nina rafiki wa Bukavu anayeishi Tempe na alipiga kura ya hapana. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Akaniambia, ndugu, hawa watu wana historia ya kuchelewesha bili, wewe ungempangisha mtu kama huyo? Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilikuwa namtetea binti yangu, yeye alikuwa anautetea mtaa wake, na wote wawili tulikuwa tunabebeshwa mzigo ambao wamiliki wanne watano walipokezana na kuutua njiani.

Kwetu timu ni kitu kingine. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na hakuna tajiri anayeweza kulala na kuamka akasema kesho Yanga inahamia Mwanza, inaitwa jina lingine, wanachama mkae mtulie. Lakini nisijifanye kwetu hayatokei. Watu wa Mbarali walikuwa na Ihefu yao, iliyowahi kuifunga hata Yanga, na mwaka 2024 huohuo wakaiona ikihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka mzee wa Sun City. Winnipeg, Mbarali, Phoenix, yote ni kilio kimoja.

Wanaotaka kujua kama jangwa linaweza kubeba timu ya hoki waende saa tano kwa gari kutoka hapa, Las Vegas. Mmiliki wa timu ya huko, Bill Foley, alianza kwa kukusanya amana za tiketi za msimu zaidi ya elfu kumi kabla hajapewa timu. Ligi ikampa Juni 2016 kwa dola milioni 500. Ukumbi ulikuwa umeshajengwa, katikati, karibu na watu. Kitu ambacho nakitaja kuliko kombe ni hiki: walijenga pia uwanja wa mazoezi mitaani wanakoishi watu, ukafunguliwa 2017, na watoto wa mji wanaingia humo kujifunza kwenye barafu ileile wanayofanyia mazoezi wachezaji.

Oktoba 1 mwaka ule mtu mmoja alifyatua risasi kutoka dirisha la hoteli juu ya watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki. Waliouawa walihesabiwa 58. Siku tisa baadaye timu ikacheza mechi yake ya kwanza nyumbani, na wageni walikuwa sisi, Coyotes. Beki Deryk Engelland, aliyeishi mji ule kwa miaka, akashika kipaza sauti akazungumza na watu wa mji wake, kisha mechi ilipoanza akafunga goli. Walitufunga 5-2. Nilikuwa naangalia kwenye televisheni na sikuumia kufungwa. Baadaye namba 58 ikapandishwa kwenye paa la ukumbi, isivaliwe na mchezaji yeyote milele. Msimu huohuo wa kwanza wakafika fainali, na Juni 2023 wakalichukua kombe kwa kuifunga Florida 9-3 kwenye mechi ya mwisho. Joto la Las Vegas na letu vinafanana kama mapacha.

Kuna swali moja gumu, na hili nimelala nalo. Julai 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika au kupita nyuzi 43, tangu Juni 30 hadi Julai 30. Mwaka ule katika wilaya yetu ya Maricopa watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto. Mimi nilikuwa barabarani kila siku kuanzia saa kumi alfajiri, kwa sababu ikifika saa tano asubuhi huwezi kupanda darini ukatoka salama. Siku moja mchana nikapigiwa na binti wa bibi mmoja anayeishi kwenye nyumba ya trela. Nilipofungua mlango hewa ilinipiga usoni kama ya tanuri la mkate. Kipimajoto ukutani kilisoma nyuzi 38, ndani, na bibi amekaa kitini na taulo lililolowa shingoni, akiniuliza kama nimekula. Ilikuwa kapasita, inayoisukuma mota ya AC iwake. Kifaa cha ukubwa wa kopo la maziwa, bei yake haifiki hata ya jezi ya mtoto. Nikabadilisha, feni ikazunguka, nikakaa naye hadi chumba kiliposhuka. Alinishika mkono muda wote.

Jioni nikamfuata binti yangu mazoezini. Nikafungua mlango, baridi ikanipokea, watoto ishirini wanazunguka na fimbo zao, na nikaona aibu. Nikajiuliza tunagandisha maji humu ili iweje, wakati kule mtu anaungua kwa kukosa kapasita. Nilikaa kwenye benchi na mawazo hayo majuma kadhaa. Nilikotua ni kwamba kuuzima uwanja ule kusingempoza bibi hata nyuzi moja. Kilichomkosesha baridi ni fundi kuwa ghali na yeye kuwa peke yake. Siku hizi nina orodha ya wazee kumi na wanne ninaowapitia mwezi wa tano, kabla joto halijaja, na kapasita za akiba ziko garini. Na barafu ya watoto naiacha iwepo, kwa sababu katika mji ambao miezi minne mtoto hawezi kucheza nje mchana, ukumbi wenye baridi ndio uwanja wetu wa mtaa.

Kwa watoto ndiko ninakoumia zaidi, kwani mbegu ilikuwa imeshaota. Auston Matthews alilelewa Scottsdale, mama yake ni wa Hermosillo, Meksiko. Alipelekwa mdogo kuangalia Coyotes, akaupenda mchezo, na 2016 akawa chaguo la kwanza kabisa la ligi nzima. Mechi yake ya kwanza na timu ya Toronto alifunga magoli manne. Februari 2024 alirudi, akacheza kwenye ule ukumbi mdogo wa Tempe, akafunga goli lake la 50 la msimu mbele ya watu wa kwao, na msimu aliumaliza na magoli 69. Matthew Knies, mwenzake wa Toronto, kazaliwa hapa Phoenix. Josh Doan, mtoto wa yule nahodha, kazaliwa Scottsdale, na Machi 2024 alivaa jezi ya timu ya baba yake kwa mara ya kwanza, akafunga magoli mawili. Wiki tatu baadaye hakukuwa na timu.

Binti yangu alianza akiwa na miaka sita. Siku ya kwanza nilimfunga kamba za viatu kama za raba, legelege, vifundo vikapinda ndani, akaanguka kabla hajafika katikati. Kocha akaja akapiga goti, akanionyesha: vuta kila tundu, kuanzia vidoleni, chuma kisimame wima. Gharama zilinitisha na bado zinanitisha. Viatu tunanunua vilivyotumika. Weusi ni wachache, kuna siku alikuwa peke yake, na alipouliza nikamweleza habari za Willie O'Ree, aliyeingia uwanjani na Boston Januari 1958, mtu mweusi wa kwanza kwenye ligi hii. Nikamtafutia pia video za Ice Lions wa Nairobi, wanaojifunzia kwenye uwanja mdogo ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaja kucheza upande wao. Aliwasikia wanapigiana kelele kwa Kiswahili kwenye barafu akageuka kunitazama. "Baba, wanasema 'leta, leta'!" Aliirudia video ile hadi simu ikazima. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kwenye shirikisho la hoki la dunia, na kwetu tulipika pilau.

Julai ile, miezi mitatu baada ya timu kuondoka, niliitwa kwenye uwanja anakofanyia mazoezi. Mashine ya kukausha hewa ilikuwa imekufa na ukungu ulianza kukaa juu ya barafu. Nilipanda kwenye paa saa kumi alfajiri, nikakuta mkanda umekatika na bearingi imelia. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshika, ngazi ya chuma haishikiki bila glavu. Nikashuka, nikaingia ndani na fulana iliyolowa, ukungu unaanza kuondoka kwa pembeni, mistari ya buluu inaonekana tena.

Watoto walikuwa wanaanza kuingia kwa darasa la Jumamosi, wamevaa kaptula na ndala, makoti wamekumbatia. Nilihesabu jezi tisa za Coyotes. Gari ya barafu ilikuwa inamaliza mzunguko wa mwisho, maji ya moto yanafuka mvuke nyuma yake. Binti yangu akaketi benchi, akanyoosha mguu wa kulia. Nikapiga goti kwenye mpira wa sakafu, nikaanzia vidoleni.

"Bado, baba. Kaza."